Tiki Mbili za Jumamosi

Kila Jumamosi, baada ya kupiga deki sebuleni na kuanika nguo, Mwelu alikuwa na kazi moja ambayo wenzake wa mtaani hawakuwa nayo. Alipaswa kuketi mbele ya kompyuta ya mezani iliyokaa karibu na kabati la vyombo, achomeke flashi, kisha anakili video za mdogo wake Kiilu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ubaya wake ni kwamba ilimpata saa ile ile wasichana wa mtaa walipokuwa wakigawana timu za kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kelele zao zikiingia moja kwa moja dirishani.

Video hizo hazikuwa za kuchekesha. Kiilu, mtoto wa miaka sita, alikuwa na kifafa. Alikuwa akicheza vizuri tu au akinywa uji, mara ananyamaza, macho yanakwama upande mmoja, mkono unaanza kutetemeka, kisha mwili mzima unafuata. Mama yao, Nzula, alikuwa amejifunza kutopiga mayowe. Mwelu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, bado alikuwa akijifunza.

Mwezi wa Januari walikuwa wamempeleka kwa Daktari Kisemei, kwenye kliniki moja mjini Kajiado. Daktari alimwanzishia Kiilu dawa, halafu akampa Mama kazi ya nyumbani kama mwanafunzi.

"Akishikwa, mlaze kwa ubavu," alisema. "Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, na usimtie kitu chochote mdomoni. Halafu mtu mmoja achukue video kwa simu. Mimi simwoni akishikwa, mama. Nataka nione ni mkono gani unaoanza, na inachukua muda gani. Mwezi wa Aprili mniletee zote, nilinganishe za mwanzo na za mwisho. Hapo ndipo nitajua kama dawa hii inamfaa au tuibadilishe."

Sasa, simu ya Mama ilikuwa ndogo. Ukiiwekea video tatu, inaanza kulalamika kwamba imejaa. Kwa hiyo kila video ilihamishiwa kwenye kompyuta na kufutwa kwenye simu. Kompyuta hiyo Baba aliinunua ikiwa imetumika, na Baba hakuiamini hata kidogo.

Baba yao, Mulinge, alifanya kazi Magadi, kwenye kiwanda cha magadi, kule ambako jua linakuwa kali hata kabla chai ya asubuhi haijapoa. Alikuja nyumbani Kitengela Ijumaa moja na kuruka nyingine. Yeye ndiye aliyemkabidhi Mwelu ile flashi, na sheria zake.

"Kazini kwetu," alimwambia, "mtu haweki alama mahali ambapo macho yake hayajafika. Fundi akifunga bomba anaweka alama ya kwanza. Mwenzake anaenda kuangalia mwenyewe, ndipo ya pili inawekwa. Hapa nyumbani tutafanya vivyo hivyo. Ukishanakili, weka tiki moja kwenye kalenda. Kisha peleka flashi dukani kwa Mama Waris, ufungue video kwenye kompyuta yake. Ikicheza, rudi uweke tiki ya pili."

"Kwa nini nisiifungulie hapa hapa, Baba?"

"Kwa sababu siku tutakayoihitaji hiyo flashi, kompyuta hii pengine haitakuwepo."

Mwelu aliona Baba anatia chumvi. Kompyuta ingeenda wapi? Lakini aliitikia, maana kupewa kazi ya fundi wa Magadi si jambo dogo.

Kalenda yenyewe ilikuwa na picha ya ng'ombe wa maziwa, zawadi ya duka la dawa za mifugo, na ilitundikwa ukutani juu ya meza ya kulia. Mama alikuwa akizungushia duara jekundu kila siku ambayo Kiilu alishikwa, na kuandika saa pembeni. Mwelu alikuwa akiweka tiki zake mbili za bluu kila Jumamosi.

Jumamosi tatu za kwanza alifanya kazi safi. Alifungua mahali video zilipokaa, akazinakili, akasubiri. Kompyuta ilikuwa nzito, na ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulitambaa hadi akahisi usingizi. Kisha akatembea hadi kwa Mama Waris, akafungua video moja, akamwona Kiilu, akarudi nyumbani. Kila akifika uwanjani, mchezo wa kati umekwisha na wenzake wameketi wakila miwa.

Jumamosi ya nne akagundua mbinu. Baba alikuwa ameweka kwenye skrini kijipicha cha folda kilichoandikwa KIILU, ili Mama asihangaike kutafuta video. Kilikuwa na mshale mdogo kwenye pembe. Mwelu alikishika kwa kipanya, akakiburuta hadi kwenye flashi. Kufumba na kufumbua, kimeingia. Alipokifungua kutoka kwenye flashi, video zote zikajitokeza, hata ile ya juzi yake, na zikacheza vizuri. Mwelu alijiona bingwa. Alijiuliza kwa nini amekuwa akijitesa wiki zote hizo.

Akaweka tiki ya kwanza. Halafu akasimama na kalamu mkononi.

Nje, Waris alikuwa akimwita. Waris alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, binti wa yule yule Mama Waris mwenye duka. "Mwelu, tumebaki kukungoja wewe tu."

Si zimefunguka hapa, Mwelu aliwaza. Zikifunguka hapa, kule zitakataa kwa nini? Akaweka tiki ya pili. Mkono ulisita kidogo. Jumamosi iliyofuata haukusita, na iliyofuata hiyo alikuwa tayari amevaa raba za kuchezea wakati akiweka tiki.

Msiharakishe kumlaumu. Wangapi kati yetu hatujawahi kumwambia mwalimu tumesoma ukurasa ambao hatukuufungua? Lakini pia tusimfichie kosa: kila Baba alipofika kutoka Magadi, alisimama mbele ya kalenda kabla hata ya kuvua viatu, akatazama zile tiki, akasema, "Fundi wangu hajambo." Na kila aliposema hivyo, Mwelu aliyakwepa macho yake, akakimbilia kumletea maji ya kunawa.

Aprili ikafika, shule zikafungwa. Miadi ya kliniki ilikuwa Alhamisi. Jumanne ya wiki hiyo, mchana, stima ikapotea mtaa mzima. Hakuna aliyeshtuka, maana hilo lilikuwa jambo la kawaida. Iliporudi, ilirudi kwa nguvu za ajabu. Taa iliwaka ikawa nyeupe pe, kompyuta ikatoa mlio mmoja, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni.

Mama alichomoa waya haraka. Akabonyeza kitufe cha kuwasha mara moja, mara mbili. Kompyuta ilikaa kimya.

"Basi, hiyo imekufa," alisema, akaketi. Halafu akavuta pumzi na kutabasamu kidogo. "Afadhali tuna flashi. Baba yako aliona mbali. Hebu nipe niiweke kwenye mkoba wa kliniki kabisa."

"Nitakuletea, Mama. Acha kwanza niende kwa Waris mara moja."

Mwelu alienda mbio, flashi ikiwa imefumbatwa mkononi. Hakuwa na hofu kubwa bado. Alijiambia anaenda tu kufanya leo kile ambacho alipaswa kukifanya Jumamosi zote zile. Dukani alimkuta Waris peke yake, akilinda kaunta. Mama yake alikuwa ameenda kuswali.

Waliichomeka flashi. Video nne za wiki tatu za kwanza zilifunguka bila shida. Kisha Mwelu akabonyeza kile kijipicha chenye mshale. Skrini ikaandika kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabonyeza tena. Hakipo. Alitazama ukubwa wake, akaona ni kidogo kiasi kwamba hata picha moja ya simu isingeenea humo.

Video tisa, za kuanzia Februari hadi Aprili, hazikuwemo. Hazikuwahi kuwemo hata siku moja.

"Lakini nyumbani zilikuwa zinafunguka," alisema.

Waris alimhurumia kweli. Aliangalia mlangoni, kisha akasogea karibu. "Sema flashi imeharibika. Si wewe uliyeiharibu. Watu wanaleta flashi zilizokufa hapa kila siku. Nani atajua?"

Na ukweli ni kwamba Waris hakukosea. Nani angejua? Mama hakujua mambo ya flashi. Baba alikuwa Magadi. Mwelu aliiweka flashi mfukoni, akarudi nyumbani polepole, na Mama aliponyosha mkono akampa bila neno. Mama aliitia kwenye mkoba pamoja na kitabu cha kliniki, akafunga zipu.

Saa kumi alasiri, Kiilu alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya soda. Mwelu alikuwa akichagua mchele. Vifuniko vikaacha kulia. Mama alifika kabla Mwelu hajainua kichwa, akamlaza Kiilu kwa ubavu na kusukuma kigoda kando.

"Chukua simu," Mama alisema kwa sauti ile yake tulivu. "Anza na mkono."

Mwelu alichukua video, akaanza na mkono. Ilipokwisha, Kiilu alilala fofofo, jasho likimtoka puani. Mama alimfuta kwa pembe ya leso. Halafu akasema jambo ambalo Mwelu hangelisahau.

"Hii daktari ataiangalia pamoja na zile za flashi. Miezi mitatu nimekuwa nikimrekodi mtoto wangu akiteseka, badala ya kumkumbatia. Nilijiambia, vumilia Nzula, ni kwa faida yake. Sasa Alhamisi itakuwa ya faida."

Mwelu aliweka simu chini.

"Mama, kwenye flashi hazimo."

"Hazimo nini?"

"Zile tisa. Ziko nne za mwanzo tu. Nilinakili vibaya. Na sikuwa naenda kwa Mama Waris kuzifungua. Tangu Februari nilikuwa naweka tiki tu."

Mama alimtazama Mwelu, kisha akaitazama kalenda, kisha akamtazama Kiilu aliyelala. Mwelu alitamani apigwe kofi, yaishe. Mama alichukua simu akampigia Baba, akaeleza kwa maneno machache, akamkabidhi Mwelu.

Sauti ya Baba ilikuja pamoja na kelele za mitambo. Mwelu alianza kulia, Baba akamkatiza.

"Hayo tutayazungumza nikija. Sasa nijibu. Hiyo kompyuta, harufu ilitoka wapi? Nyuma, pale unapochomekwa waya, au mbele?"

"Nyuma."

"Ilitoa moshi?"

"Hapana. Harufu tu."

"Basi huenda kilichoungua ni kile kifaa cha kupokea stima. Video haziko hapo, ziko kwenye diski. Mwambie Mama mbebe hilo sanduku mpeleke kwa Mama Waris sasa hivi, kabla hajafunga. Tuna leo na kesho, Mwelu. Ungenyamaza tusingekuwa hata na hizo."

Jirani alikaa na Kiilu. Mama alilifunga sanduku la kompyuta kwa leso nyingine, wakalishika huku na huku, wakavuka barabara ya vumbi wakisimama kila hatua hamsini kubadilisha mikono.

Mama Waris, jina lake Amino, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Duka lake liliuza kalamu na daftari upande mmoja, na upande wa pili alichapisha barua za watu na kutengeneza kompyuta zilizowashinda wengine. Aliwasikiliza, kisha akamwambia Mwelu amwonyeshe alivyokuwa akinakili.

Mwelu alichomeka flashi waliyokuja nayo, akaonyesha. Amino alitikisa kichwa.

"Unaona huu mshale kwenye pembe? Hiki ni kibao tu cha kuonyesha njia. Kinasema, video ziko kule, kwenye kompyuta ya akina Mwelu, nendeni kule. Ukiwa kwenu, kinakupeleka. Ukiwa hapa, kinakupeleka wapi? Wewe ulikuwa unabeba kibao, nyumba unaiacha palepale."

"Ndiyo maana Baba alisema niifungulie hapa," Mwelu alisema taratibu.

"Ndiyo maana."

Waris alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, akitazama vidole vyake. Amino alifungua skrubu, akatoa diski, kasha dogo la chuma, akaliunganisha na kompyuta yake. Wote walisubiri. Diski ikaanza kuzunguka ndani yake, halafu ikatoa mlio mdogo, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Iko hai, lakini inaumwa," Amino alisema. "Nitainakili kidogo kidogo, nikiipumzisha. Nikiilazimisha itakata kauli. Njooni kesho alasiri. Na niwaambie kitu, mama. Mngeniletea Alhamisi asubuhi mkiwa njiani kwenda Kajiado, ningewapa pole tu, basi."

Jumatano ilikuwa ndefu. Mama alishusha kalenda ukutani, akaketi na Mwelu mezani, wakaandika kwenye karatasi kila walichokumbuka kuhusu kila duara jekundu. Katikati ya kuandika, Mama aliweka kalamu chini.

"Kilichoniuma si kompyuta," alisema. "Kosa la kunakili hata mimi ningelifanya. Lakini kila jioni nikiona zile tiki nilikuwa nalala. Nilikuwa nalala kwa sababu yako, Mwelu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Endelea kuandika. Tarehe kumi na tisa Machi nilikuwa sokoni, simu nimeiacha hapa. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Alasiri Amino aliwapa video saba. Mbili ziligoma kabisa, na moja kati ya hizo ilikuwa ya tarehe kumi na tisa Machi. Saba kati ya tisa. Mama alimshika Amino mkono kwa mikono yake yote miwili. Kabla hawajatoka, Amino alimwita Mwelu, akamketisha mbele ya kompyuta nyingine, akamwambia afungue kila moja kwa macho yake mwenyewe. Mwelu alizifungua zote saba, moja baada ya nyingine, akamwona mdogo wake akishikwa mara saba. Alilia, lakini hakuruka hata moja.

Alhamisi, chumba cha Daktari Kisemei mjini Kajiado kilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Daktari alizitazama video kimya, akirudisha nyuma baadhi yake mara mbili, mara tatu. Kiilu alikuwa akichezea kamba ya kiatu chake. Kisha daktari akaivuta ile kalenda ya ng'ombe.

"Hizi alama ni za nani? Ninaweza kuzitegemea?"

"Nyekundu ni zangu," Mama alisema. "Siku na saa. Hizo ni za kweli." Akaishia hapo.

Mwelu alielewa kwamba Mama hangemsemea, wala hangemshtaki. Alipiga moyo konde.

"Za bluu ni zangu, daktari. Za Jumamosi tatu za kwanza ni za kweli. Zilizobaki usizitegemee."

Daktari alimtazama juu ya miwani, bila kukasirika. Alirudi kwenye karatasi. "Tarehe kumi na tisa Machi hakuna video. Nani alikuwa na mtoto?"

"Mimi."

"Mkono gani ulianza?"

"Wa kulia. Alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mkono huo, kikaanguka."

"Ilichukua muda gani?"

Mwelu alifungua kinywa. Dakika mbili lilikuwa jibu zuri. Mara nyingi ilikuwa dakika mbili, Mama alisema hivyo kila mara, na daktari alikuwa tayari ameinua kalamu. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Sijui," alisema. "Niliogopa. Sikuangalia saa."

Daktari aliandika. "Muda haujulikani," alisoma kwa sauti huku akiandika. "Asante. Ungenibunia dakika, ningempimia mdogo wako dawa kwa dakika hizo za kubuni."

Kisha akawageuzia kalenda. Aliwaonyesha jinsi karibu kila duara lilivyoandikwa saa za asubuhi, kabla ya chai. Akasema video za mwisho ni fupi kuliko za mwanzo, na kila mara mkono wa kulia ndio unaotangulia. Dawa ilikuwa inamfaa, ila ilikuwa inamwishia mwilini kabla hakujapambazuka. Hakukuwa na haja ya kuibadilisha. Angeongeza ya jioni.

Mama alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na Kiilu akamuuliza kama wanaweza kununua mahindi ya kuchoma wakitoka.

Baba alifika Ijumaa jioni. Alisimama mbele ya kalenda kama kawaida yake, viatu vikiwa bado miguuni. Mwelu alisimama kando yake. Hakukimbilia maji ya kunawa.

"Mpe Mama kazi hii, Baba," alisema. "Mimi nimeiharibu."

"Zipi ni za uongo?"

Mwelu alimwonyesha kwa kidole, moja moja. Baba akampa kalamu, naye akazikata mwenyewe kwa mstari. Zilikuwa nyingi. Ilipofika ya mwisho mkono ulikuwa umemchoka.

"Mama yako ameniambia ulivyomjibu daktari," Baba alisema. "Kwa hiyo kazi bado ni yako." Kisha akaenda kumbeba Kiilu.

Amino aliifufua kompyuta kwa diski nyingine na kifaa kipya cha stima, na kila stima ilipopotea Mwelu alikuwa wa kwanza kuchomoa waya. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa na duara moja tu jekundu, mahali ambapo zamani kungekuwa na mawili au matatu.

Jumamosi ambayo Baba alikuwa tena nyumbani, Mwelu aliketi asubuhi akanakili, akautazama mstari wa kijani ukitambaa, akaweka tiki ya kwanza. Alipokuwa akivaa viatu kwenda kwa Mama Waris, stima ikapotea. Alienda hata hivyo. Waris alikuwa mlangoni, ameshika mpira wa kati.

"Hapa pia hakuna," Waris alisema. "Mama anasema huenda ikarudi kesho." Aliudundisha mpira mara moja. "Ile siku nilikushauri vibaya. Nilitaka usigombezwe."

"Najua," Mwelu alisema. "Twende tucheze. Nitarudi ikirudi."

Jioni Baba alisimama mbele ya kalenda. Chini ya ile Jumamosi kulikuwa na tiki moja, na kando yake nafasi tupu. Mwelu alikuwa akipanga sahani mezani.

"Ya pili iko wapi?"

"Kwa Mama Waris hakukuwa na stima. Sijaiona ikifunguka. Nitaenda kesho baada ya kanisa."

Baba aliendelea kuitazama ile nafasi tupu. Alimwita Mwelu, akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, unajua kwa nini tunaweka alama? Si kwa ajili ya kumfurahisha baba akirudi. Alama inamwambia mtu mwingine kwamba hapa anaweza kuegemea, asianguke. Mama yako aliegemea, Kiilu aliegemea, na kulikuwa na hewa tupu. Kufanya kosa hakukwepeki. Mtu hukosea, akasema, tukarekebisha. Lakini ukificha kwamba kazi hujaifanya, unatunyang'anya ile nafasi ya kurekebisha." Akagusa ile nafasi tupu kwa kidole. "Leo umeniachia hii wazi. Kwa sababu ya hii, naiamini ile moja."

Kiilu alikuja akapanda juu ya kiti, akauliza kwa nini ng'ombe wa kalenda amewekewa tiki moja tu leo.

"Kwa sababu nyingine ni ya kesho," Mwelu alimwambia, akampa kijiko chake, nao wakaketi kula.